UZI: Una implanti za matiti halafu umeambiwa ufanye biopsi? Pita hapa kabla hujakimbia miadi

Fundi Picha (mleta mada)

Wakuu habari za humu. Huu uzi nimeuahirisha sana ila inboksi imezidi, swali ni lile lile, "dada mi niliongeza matiti, sasa wameona kitu kwenye picha wanataka kunichoma sindano, si itapasuka?" Kwa hiyo naandika mara moja, nikiulizwa tena natuma linki tu.

Mimi ni mtu wa chumba cha picha, mamogramu na ultrasaundi ndo kazi yangu, sio daktari wa upasuaji, kwa hiyo nani aongeze nani asiongeze hayo hayanihusu na tusiyafungue humu.

Jibu la haraka: biopsi, yaani kuchukua kinyama kikapimwe maabara, inafanyika, na implanti haitolewi kwanza ili ufanyiwe, maana hilo nalo naulizwa sana. Kinachobadilika ni njia ya kupitisha sindano na nani anaishika hiyo sindano. Na kwa ninavyoona mimi watu wanaogopa kitu kidogo wanaacha kikubwa. Kila mtu hofu yake ni implanti kutoboka, wakati kinachoumiza watu kweli ni pale mgonjwa au hata daktari anapoiogopa implanti mpaka kinundu kinaachwa "tukiangalie angalie" au kinadonolewa kijuujuu. Implanti ikitoboka inabadilishwa, kansa iliyoachwa ikae haibadilishwi na kitu.

Sasa mpangilio wa ndani ukoje. Implanti inakaa ama juu ya msuli wa kifua, yaani katikati ya tezi za maziwa na msuli, au chini ya huo msuli. Kote kote iko nyuma ya titi lenyewe, nyama yako yote imesukumwa mbele. Kwa hiyo kinundu kinachohitaji biopsi kwa kawaida kiko mbele ya implanti, na wengine kwa sababu hiyo hiyo wanakishika kwa mkono mapema kuliko mtu asiye na implanti. Hiyo ni faida. Hasara ni kwamba mtu aliyekuwa na titi dogo kabla ya kuongeza, nyama iliyobaki mbele inakuwa imetandazwa nyembamba, afu sindano ya kawaida ya kukata kinyama ikifyatuliwa ncha yake inaruka mbele kama sentimita 2 hivi. Hapo ndo mahesabu yanapoanzia.

Ndo maana sindano haichomwi ikiwa imesimama kuelekea kifuani. Inaingia pembeni ikiwa imelala, sambamba na ukuta wa kifua, na daktari anaiangalia kwenye skrini ya ultrasaundi urefu wake wote mpaka ncha. Asipoiona ncha hafyatui, period. Kinundu kikiwa kimeikalia implanti kabisa kuna ujanja mmoja naupenda sana kuuangalia: ile ganzi yenyewe inasukumwa katikati ya kinundu na implanti, unaona kwenye skrini mstari mweusi wa maji unafunguka taratibuu, kinundu kinanyanyuka juu na implanti inabaki chini, nafasi ya milimita chache tu lakini inatosha. Na kuna sindano ambayo mdomo wake unasogezwa kwa mkono mpaka ndani ya kinundu, kinachofyatuka ni kile kisu cha nje tu kinachofunika, ncha hairuki mbele tena. Muulize daktari wako kama ataitumia hiyo, kama hajui unaongelea nini basi tafuta anayejua.

Mamogramu nitaielezea chini, nimechoka kutype.

Kijana Mzee

Sa si mngebaki na mlivyoumbwa haya yote yasingekuwepo? Yangu macho.

Bint Saada

@Kijana Mzee mleta mada amesema hayo tusiyafungue, soma uzi kabla ya kukoment. Na wapo waliowekewa baada ya kukatwa titi kwa kansa, nao ungewaambia wabaki walivyoumbwa?

Nuruu

Dada Fundi asante sana, ni kama umeniandikia mimi. Yangu ni ya silikoni na iko juu ya msuli, nyama yangu yenyewe ndogo. Nimeambiwa kinundu kiko upande wa nje wa titi la kushoto, biopsi wiki ijayo. Swali langu, wakitoboa nitajuaje? Afu si nasikia silikoni ikimwagika mwilini ni sumu?

Fundi Picha

@Nuruu mdogo wangu pole na mawazo. Implanti zinatofautiana hapo. Ya maji ya chumvi ikitobolewa hujiulizi mara mbili, titi linasinyaa ndani ya siku chache, maji yenyewe mwili unayanyonya hayana madhara, unabaki na titi moja dogo na hasira. Ya silikoni ndo inaweza kukaa kimya, mana jeli za siku hizi ni nzito zinashikana hazimwagiki kama maji, na mwili umeshajenga utando wa kovu kuizunguka implanti, kwa hiyo inaweza ikawa na tundu wewe umekaa tu hujui. Kwa kushika haijulikani, inaonekana kwenye MRI vizuri zaidi na ultrasaundi nayo inasaidia.

Sumu hapana, ila silikoni iliyotoka nje ya ule utando inaweza kujenga vinundu vyake na kuhamia kwenye tezi za kwapani, na hapo unaongezewa kazi, maana tezi ya kwapani ikivimba kwa silikoni na ikivimba kwa kansa vyote lazima vichunguzwe.

Kwa hali yako upande wa nje ni pazuri, sindano inaingilia pembeni bila kuvuka titi zima. Kabla hujalala kitandani sema kwa mdomo wako "nina implanti, ni silikoni, iko juu ya msuli". Usidhani wamesoma faili. Kama unatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, hata aspirini, nazo sema, ila usiziache kimyakimya mpaka aliyekuandikia akubali.

Bint Saada

Ngoja niweke na yangu maana mimi nilishafanyiwa, zangu ni za maji ya chumvi. Kwanza walinilaza kwa ubavu kidogo mkono juu ya kichwa wakaniwekea mto mgongoni ili titi lijitandaze, daktari akakaa muda mrefuu anapitisha ile mashine bila kuchoma kitu, mi nikadhani kuna shida kumbe anatafuta njia tu. Ganzi ndo inauma, inachoma choma, baada ya hapo nasikia kusukumwa tu na ule mlio wa tak! kama stepla. Kabla ya kila mlio ananiambia "sasa utasikia sauti usishtuke", hilo lilinisaidia sana mana ukishtuka ukajitikisa ndo balaa. Wakachukua vipande kadhaa, wakabana na bandeji, implanti iko salama mpaka leo. Majibu hayakuwa kansa, ilikuwa fibroadenoma.

Ila hapo kabla kuna sehemu nyingine nilikwenda wakaniambia hawagusi titi lenye implanti niende kwa aliyeniwekea. Aliyeniwekea naye akasema yeye hafanyi biopsi. Nikazungushwa weee mpaka nikakata tamaa, nikasema basi nikae nalo tu. Sa fikiria ingekuwa kansa.

Fundi Picha

@Bint Saada hiki ndo nilichokuwa nakisema pale juu. Wa kumtafuta ni daktari wa radiolojia anayefanya biopsi za matiti kila wiki, sio lazima aliyekuwekea.

Patholojia Kijiweni

Wakuu mimi niko upande wa pili, vipande vyenu vinakuja kwangu kwenye kichupa. Niongeze mawili.

La kwanza, kwa sababu ya kuogopa implanti kuna watu wanapenda kutumia kasindano kembamba kale ka kunyonya seli, wanasema ni salama zaidi. Salama kwa implanti sawa, kwangu ni mateso. Seli zilizonyonywa zinaniambia hizi zina sura mbaya au nzuri, lakini haziniambii kama kansa iko bado ndani ya mirija ya maziwa au imeshatoka nje, kwa hilo nataka kinyama kizima nione mpangilio. Na vipimo vya vipokezi vya homoni na HER2 (protini kwenye seli za kansa) ambavyo ndo vinaamua utatibiwa na nini, vinakwenda vizuri kwenye kinyama. Kwa hiyo ukiambiwa "tutatumia ndogo kwa sababu una implanti" uliza kwanza kama kweli hiyo kubwa haiwezekani, mara nyingi inawezekana.

La pili, na hili linaniudhi kweli kweli, fomu inakuja imeandikwa "uvimbe titi la kulia" basi, nukta. Hakuna aliyeandika kuna implanti, hakuna aliyeandika mgonjwa alichomwa silikoni au mafuta. Halafu naona kwenye hadubini matobo matupu ya duara na seli kubwa kubwa zimejikusanya kuyazunguka, nazunguka nalo hilo wakati neno moja tu kwenye fomu lingenipa jibu. Mgonjwa una haki ya kumwambia anayejaza fomu "andika hapo nimeongeza matiti mwaka fulani kwa njia fulani".

Na majibu yakitoka lazima yalingane na picha. Picha inasema kitu kibaya, mimi nasema nyama ya kawaida tu, hapo msifurahi na kwenda nyumbani, maana yake inawezekana sindano ilipita pembeni. Kwa wenye implanti hii inanitia wasiwasi zaidi, kwa sababu mkono wa anayechoma unakuwa na woga. Inarudiwa.

Mke wa Baharia

Naomba kuuliza, mimi sina implanti ila niliongezwa kwa mafuta yangu mwenyewe yaliyotolewa mapajani. Niliambiwa hii haina shida yoyote mana ni vitu vya mwili wangu. Sasa mamogramu imeonyesha vidoti vya chokaa wanataka biopsi. Nimedanganywa?

Patholojia Kijiweni

@Mke wa Baharia hujadanganywa moja kwa moja, ila hukuambiwa yote. Mafuta yaliyohamishwa sio yote yanashika, yale yasiyopata damu yanakufa, yanageuka vijifuko vya mafuta, mengine yanakuwa kinundu kigumu, mengine yanaweka chokaa. Hayo sio kansa na hayageuki kansa. Shida yake ni kwamba chokaa zikiwa changa zinaweza kufanana na zile za kansa, na daktari wa picha akishindwa kuzitofautisha hana namna zaidi ya kuchukua kinyama. Kwa hiyo kwenu ninyi wa mafuta implanti ya kutoboka haipo, ila uwezekano wa kuitwa kwa biopsi ya kitu kisicho kansa upo. Nenda, na peleka tarehe ya upasuaji na picha za kabla ya kuongezwa kama unazo.

Fundi Picha

Nilisema nitarudi kwenye mamogramu, na swali la @Mke wa Baharia limenileta pazuri mana chokaa ndogo ndogo mara nyingi ultrasaundi haizioni, zinafuatwa kwa mamogramu.

Implanti kwenye eksirei ni weupe, ya silikoni ni weupe mtupu huoni kilichoko nyuma yake. Ndo maana kuna namna ya kupiga iliyoelezwa na Eklund na wenzake mwaka 1988, tunaisukuma implanti nyuma kuelekea kifuani, tunavuta nyama mbele, tunabana nyama peke yake. Kwa hiyo mwenye implanti anapigwa picha 8 badala ya 4, msitulaumu tunawachelewesha. Hata hivyo kuna sehemu inabaki haionekani. Utafiti mmoja wa Marekani uliotoka kwenye jarida la JAMA mwaka 2004 ulikuta kwa wasio na dalili mamogramu ilikamata kansa kama 45 kati ya 100 kwa walioongeza matiti, na kama 67 kati ya 100 kwa ambao hawajaongeza. Lakini, na hapa watu wanaposhare huwa wanapakata, hao walioongeza kansa zao hazikukutwa zimeenda mbali kuliko za wenzao. Implanti zenyewe hazisababishi kansa ya kawaida ya titi.

Sasa biopsi ya kufuata chokaa inafanyika titi likiwa limebanwa kwenye mashine, na kwa mwenye implanti lazima ile ile kusukuma implanti nyuma ifanyike na ibaki nyuma muda wote wa zoezi. Nyama ikiwa nyembamba sana ikibanwa hakuna pa kuweka sindano. Na kama utando umekaza titi likawa gumu kama mpira, implanti haisukumiki kabisa. Hapo wengine wanafikia kwa MRI na wengine wanaishia kufanyiwa upasuaji mdogo wa kutoa hicho kipande. Upasuaji nao una yake, kisu kikifika kwenye utando implanti inaweza kuguswa, kwa hiyo apewe mpasuaji anayejua ilipo.

Walio chini ya msuli wana nafuu hapa, nyama inavutika vizuri zaidi na msuli unakaa katikati kama kinga.

Ah na hili: sio kila mnachoshika ni kinundu. Kuna wakati mtu anakuja analia kumbe ameshika kona ya implanti iliyojikunja, au kile kizibo cha kujazia maji kwenye zile za chumvi. Ultrasaundi inamaliza ubishi dakika chache. Kinaangaliwa kwanza, sindano baadaye, ukiona mtu anataka kuchoma bila kuangalia kwa picha shuka kitandani.

Shangazi K

Mbona mnaongelea mafuta na implanti tu, walioichoma silikoni yenyewe ya maji kwa sindano wako wapi humu? Nina ndugu yangu alichomwa miaka mingi nyuma na mtu ambaye hata sio daktari, sasa matiti yote mawili ni vinundu vitupu, kila akienda anaambiwa hatujui tuchome kipi.

Fundi Picha

Shangazi hao ndo kazi ngumu kuliko wote, nakwambia ukweli. Ultrasaundi ikikutana na silikoni iliyosambaa mawimbi yanatawanyika, skrini inakuwa ukungu mweupe huoni chochote nyuma yake. Mamogramu nayo imejaa madoa. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, haijawahi kuruhusu silikoni ya maji ya kuchoma kwa ajili ya kukuza matiti.

Ndugu yako anachohitaji ni MRI ya kuwekewa dawa kwenye mshipa, kansa kwa kawaida inanyonya ile dawa kwa namna inayojitofautisha na vinundu vya silikoni, kisha wanachagua kipi cha kuchoma. Vingine vya silikoni navyo vinanyonya kidogo kwa hiyo biopsi itakuwepo tu. Asichoke kwenda, na akishapata picha za kwanza nzuri azitunze maana zitakuwa kipimo cha kulinganishia maisha yake yote.

Mtu Kati

Mke wangu ana implanti karibu mwaka wa tisa, ghafla titi moja limevimba limekuwa kubwa, halina kidonda wala homa. Tuliambiwa ni maji tu wakayanyonya wakayamwaga, yamerudi. Hii nayo ni biopsi?

Patholojia Kijiweni

Kaka hili usilifanyie mchezo. Maji yanayojaa kuzunguka implanti zaidi ya mwaka mmoja baada ya upasuaji, bila sababu ya wazi, yananyonywa na YANALETWA MAABARA, hayamwagwi. Kuna aina ya limfoma inayokua kwenye utando unaozunguka implanti, kifupi chake BIA-ALCL. Sio kansa ya titi, ni ya seli za kinga, ni nadra, na imehusishwa hasa na implanti zenye ganda la kukwaruza sio laini. FDA walianza kuitaja mwaka 2011, na Julai 2019 kampuni ya Allergan waliziondoa sokoni implanti zao za BIOCELL kwa sababu hiyo. Kwa kawaida hujitokeza miaka 8 hadi 10 baadaye, kwa hiyo mke wako yuko kwenye muda wenyewe, japo maji ya namna hii mara nyingi zaidi yanakuwa na sababu nyingine.

Kwenye fomu iandikwe wazi kwamba wanataka kipimo cha CD30, alama inayokuwepo kwenye seli za limfoma hiyo, bila hivyo tunaweza kuangalia seli juu juu tukaandika ni uvimbe wa kawaida. Waombe wanyonye kwa ultrasaundi ili wasitoboe implanti, walete maji mengi kadiri inavyowezekana, na kama kuna kinundu kwenye utando wakichukue nacho. Ikikutwa mapema mara nyingi tiba ni kutoa implanti pamoja na utando wake wote. Naomba kesho usiipite.

Mtu Kati

Kesho asubuhi tunakwenda. Kadi ya implanti hatujui iko wapi.

Fundi Picha

Pigeni kwa waliomwekea waombe ripoti ya upasuaji, humo kuna jina la implanti, ganda lake na ilipowekwa. Msisubiri mpaka ipatikane lakini, maji yanyonywe hata bila kadi.

Lulu wa Pwani

Mimi bado sijaongeza, nilikuwa napanga mwezi ujao, sasa huu uzi umenivuruga. Kipi nifanye ili huko mbele biopsi isinisumbue?

Fundi Picha

@Lulu wa Pwani sikuzuii. Kama umri wako umefika wa kupiga mamogramu, au mama au dada aliwahi kupata kansa ya titi, piga picha KABLA. Kuna kinundu chochote, kimalizwe kabla, mana sasa hivi kukichoma ni rahisi. Ongea na mpasuaji kuhusu kuweka chini ya msuli, ina maumivu zaidi mwanzoni ila kwenye picha sisi tunakushukuru. Chale ya chini ya titi inaacha tezi na mirija bila kuguswa sana kuliko ile ya kuzunguka chuchu. Ganda liwe laini. Ukichukua silikoni, FDA wanashauri MRI au ultrasaundi ya kwanza mwaka wa 5 hadi wa 6 kisha kila miaka 2 hadi 3 kuangalia kama imetoboka kimya kimya, hiyo weka kwenye bajeti kabisa kwa sababu implanti sio ya maisha yote. Na kadi ipige picha uiweke kwenye simu na kwenye barua pepe yako.

Nuruu

Dada Fundi nimerudi. Imefanyika leo. Implanti salama, wametumia ile ya kusogeza kwa mkono, nilimuuliza daktari akacheka akasema nani amekufundisha. Ila ameniambia ameacha kitu cha chuma ndani, ndo nini tena jamani?

Fundi Picha

Hongera mdogo wangu. Hiyo ni klipu, kachuma kadogo kama punje ya mchanga, mara nyingi ni titani, inaachwa pale pale walipokata ili mwakani tukikupiga picha tujue hapa palishachukuliwa, na kama ikibidi upasuaji mpasuaji aende moja kwa moja. Haiisumbui implanti na haizuii MRI. Weka barafu juu ya bandeji leo usibebe kizito, michubuko ya siku kadhaa ni kawaida, ila titi likianza kuwa jekundu, la moto au limebadilika umbo wapigie. Majibu yakitoka uliza yanalingana na picha?

Nuruu

Nimeandika kwenye simu, "yanalingana na picha". Nikipata naleta hapa.

Kijana Mzee

Mleta mada samahani kwa ile komenti ya juu. Dada yangu anazo, nimemtumia linki.